Risiva ya ndege inatoa muziki badala ya marubani: shida iko wapi?

Waya_Mrefu
Wakuu, naomba msaada. Nimemaliza kuunganisha seti ya vipuri vya risiva ya kusikiliza ndege, AM, 118 hadi 137 MHz. Ndani kuna chipu ya SA612 (osileta inayozalisha wimbi la ndani, na mikisa inayolichanganya na wimbi la antena, kwa pamoja), filta ya seramiki inayopitisha 10.7 MHz tu, MC1350 ya kukuza wimbi hilo, daiodi ya kutenga sauti, kisha LM386 ya kukuza sauti kwenda kwenye spika. Masafa yanabadilishwa kwa varakta (daiodi inayofanya kazi kama kapasita inayobadilika kwa volti) na potenshiometa, kitufe cha kuzungusha kinachobadilisha volti hizo. Upande wa chini wa bendi nasikia muziki uliokwaruzika, upande wa juu ni "shhhh" tu. Maungio ya risasi nimeyakagua kwa lenzi, hakuna yaliyogusana. Betri ni ya 9V. Nianzie wapi?

Kilohezi
Usiguse MC1350 wala LM386. Muziki usingefika kwenye spika kama mojawapo imekufa. Shida yako ni osileta kukaa upande mbaya, chini ya masafa unayotaka kupokea.

Mikisa inatoa 10.7 MHz kutokana na tofauti kati ya osileta na wimbi linaloingia, na haijali lipi ni kubwa. Osileta ikiwa 107.3 utapokea 118.0, lakini pia 96.6. Kwa hiyo ukizungusha kutoka 118 hadi 129.4, masafa pacha (hayo ya pili usiyoyataka) yanapita kuanzia 96.6 hadi 108, yaani ndani kabisa ya stesheni za FM, ambazo nguvu yake unaijua. Zinakwaruza kwa sababu daiodi ya AM haisomi FM: inaambulia sauti pale tu wimbi linapoyumba kwenye ukingo wa filta.

Hamishia osileta juu, 128.7 hadi 147.7. Pacha yataangukia 139.4 hadi 158.4, ambako kelele ni ndogo zaidi. Masafa yanapanda mara 1.2, hivyo induktansi ya koili (ambayo hupungua ukipunguza mizunguko) ishuke mara 1.44. Kama koili ni mizunguko 5 kwenye kipenyo cha milimita 6, ifanye 4, halafu malizia kwa kuibana au kuivuta taratibu. Tumia kijiti cha plastiki au mbao. Ukitumia bisibisi ya chuma, masafa yanahama ukiisogeza na yanarudi ukiiondoa, utahangaika bure.

Fundi_Saketi
Kabla ya koili, pima mguu wa 8 wa SA612, unaopokea umeme. Mwisho wake ni 8V, na betri mpya ya 9V inavuka hapo. Seti nzuri huwa na 78L05, kipuri kinachoshikilia umeme kwenye 5V. Kama haipo, iweke, na varakta nayo ipate umeme kutoka hapo hapo. Bila hivyo LM386 ikivuta mkondo kwa sauti kubwa, volti zinashuka na risiva inahama yenyewe katikati ya mazungumzo. Kumbuka 78L05 inahitaji karibu 7V kuingia, kwa hiyo betri iliyochoka huleta dalili ile ile.

Waya_Mrefu
Mguu wa 8 una 5.0V. Koili sasa ni mizunguko 4 na muziki umepotea. Ila sijui niko wapi kwenye bendi, na jenereta ya mawimbi sina.

Kilohezi
Tafuta redio ya FM ya zamani, ile ya mshale. Zile za kidijitali zinazotumia chipu moja hazifai kwa kazi hii. Osileta ya redio hiyo kwa kawaida inakaa 10.7 MHz juu ya stesheni, na inavuja kidogo. Iweke kando ya risiva, ipeleke 107.3: inarusha 118.0 bila sauti. Zungusha risiva yako mpaka "shhhh" inyamaze ghafla, hapo ndipo 118.0. Sogeza redio hadi 108, ukimya unapaswa kuhamia 118.7. Usiamini mshale wake moja kwa moja, uhakikishe kwanza kwa stesheni unayojua masafa yake. Hila hii haifiki juu ya bendi, lakini ukishapata mwanzo, umbali uliobaki ni wa potenshiometa. Ikiwa ni ya mzunguko mmoja, ibadilishe iwe ya mizunguko 10.

Mlingoti
Naongeza mawili. Kama kuna mtambo wa FM karibu, koili peke yake haitoshi, mikisa itazidiwa. Weka mtego kati ya antena na ardhi ya saketi: kapasita ya 33 pF ikifuatana na koili ya 80 nH hivi, inanyonya karibu na 98 MHz. Ivute koili mpaka stesheni iliyo kubwa kuliko zote ipotee. Antena: waya wima wa sentimita 56, na nne kama huo kwa chini zikitawanyika.

Pili, ukimya si ubovu. Mawimbi haya yanakwenda kwa mstari wa kuonana. Ndege iliyo mita 10,000 juu inafika hata kilomita 400, lakini mnara wa uwanja wenye antena ya mita 20 unaishia kama kilomita 28 ukiwa na antena ya mita 5. Ndiyo maana wengi husikia rubani anajibu tu, bila kusikia aliyemwuliza.

Fundi_Saketi
Ukisikia watu wawili kwa pamoja, ni filta. Ya seramiki ya FM ina upana wa 150 hadi 280 kHz, wakati nafasi kati ya chaneli ni 25 kHz (Ulaya 8.33). Filta ya kioo (kristali) ya 10.7 MHz yenye upana wa 15 kHz inatenga vizuri, ila usiifunge sasa. Osileta ya koili inahama kirahisi kwa joto, na kwa filta nyembamba kituo kitakuponyoka kila baada ya muda. Acha risiva ipate joto dakika 15, uone imehama kiasi gani, ndipo uamue.