Nitamtambuaje mtangazaji wa filamu za kutisha aliyebaki kwenye kumbukumbu ya utotoni?

Kikoi77: Wakuu, kuna mzee aliyekulia Ohio, Marekani. Anakumbuka mtangazaji wa filamu za kutisha usiku wa manane: ndevu bandia, wigi lililopinda, miwani ya jua yenye kioo kimoja, na fataki zikilipuliwa studio. Anasema ni miaka ya 60. Jina kasahau. Nikitafuta video napata vipande vitatu vinne tu. Nianzie wapi?

Mkesha: Huyo anaweza kuwa mmoja wa watu wawili, na hapo ndipo wengi hupotea. Ghoulardi (Ernie Anderson) alikuwa kituo cha televisheni cha WJW, chaneli 8 ya Cleveland, Ohio, 1963 hadi 1966. Mwaka 1971 Ron Sweed, aliyewahi kumsaidia kazi, akaibuka kama The Ghoul kwa ridhaa ya Anderson mwenyewe: ndevu zilezile, miwani ileile, fataki vilevile. Kwa hiyo sura haitakusaidia. Muulize kuhusu chura wa mpira aliyekuwa akiteswa kila kipindi. Chura huyo, Froggy, ni wa The Ghoul. Akikumbuka zaidi utani dhidi ya kitongoji cha Parma na muziki wa polka, elekea kwa Ghoulardi, ingawa si ushahidi kamili.

Kikoi77: Filamu anaikumbuka vizuri. Haitoshi?

Mkesha: Haitoshi kabisa. Mwaka 1957 kampuni ya Screen Gems iliuzia vituo vya televisheni furushi la filamu 52 za studio ya Universal, likiitwa Shock!. Zimwi lilelile lilionekana miji kibao, kila mji na mtangazaji wake. Filamu itumie kupata tarehe, baada ya kujua mji.

Bundi wa Maktaba: Tarehe itafute kwenye nakala za zamani za TV Guide, jarida la ratiba za televisheni, ila toleo la eneo la Cleveland, la New York halina chaneli zake. Wiki yao ilianzia Jumamosi, kwa hiyo Ijumaa usiku, siku ya Ghoulardi, iko kurasa za mwisho. Kwenye magazeti, kipindi kilichoanza baada ya saa sita usiku huweza kuwa chini ya Ijumaa au Jumamosi, basi soma siku zote mbili. Usitafute jina la mtangazaji peke yake, maana mara nyingi waliandika jina la kipindi na filamu tu. La Ghoulardi ni Shock Theater.

Uchache wa video una sababu. Mengi yalirushwa moja kwa moja, na mkanda wa video wa enzi hizo, upana inchi 2, ukikimbia inchi 15 kwa sekunde, ulikuwa ghali. Vituo vilifuta na kurekodi upya juu yake.

Mkesha: Jambo moja, Kikoi: usimwonyeshe mzee picha yoyote kabla hujaandika anayoyakumbuka. Akishaiona ya mmoja, chura ataingia hata kwenye mwaka 1963.