Naomba ushauri: herufi ya mwisho kwenye msimbo wa abiria wa basi

Habari zenu wakuu. Nipo Marekani, kitengo cha madai ya bima kwenye kliniki ya mifupa. Tuna mama aliyevunjika muundi, ngozi haikupasuka, akiwa abiria wa basi lililogongana na lori. Plasta alifungwa hospitali nyingine. Kwetu anakuja kupigwa eksirei na kufanya mazoezi tiba. Bado anatembea akishika ukuta.

Kwenye madai tunaandika misimbo ya ICD-10-CM (orodha ya Marekani ya misimbo ya magonjwa, majeraha na ajali), na herufi ya mwisho huonyesha hatua ya matibabu. Mwenzangu anasisitiza tuweke A kwa kuwa ndiyo mara ya kwanza ya mama huyo kwetu. Nijuavyo, A ni ya matibabu yenyewe ya jeraha, haijalishi umefika mara ya ngapi. Mfupa ukiwa unaunga vizuri ni D. Kwa hiyo inatangulia S82 (msimbo wa kuvunjika mguu chini ya goti), kisha V74.6XXD (msimbo wa chanzo: abiria wa basi lililogongana na lori, ukiishia na D).

Ninapokwama ni hapa: eksirei ya mwisho inaonyesha mfupa haujaunga. Daktari akiandika hivyo, S82 inapata K (herufi ya mfupa usiounga), lakini V74.6 haina K. Je, mnaibakiza na D? Na bima zenu hudai hiyo V kila mgonjwa anaporudi? Nisaidieni tafadhali, maana madai yakikataliwa, bili inamwangukia mama wa watu.