Konza tujifunze kwa nani, Beijing ama Taiwan?

Msafiri wa Mombasa Road: Wadau naleta hii mada juu inaniuma kweli. Kila nikishuka Mombasa kutoka Nairobi napita pale Malili naangalia Konza, ule mji wa teknolojia wa serikali, ekari 5,000, Kibaki aliizindua 2013, na siku hizi kuna barabara kuna data senta, sisemi hakuna kitu. Lakini watu wako wapi? Watu wako Luthuli, mtaa wa mafundi simu pale Nairobi. Nenda uone kijana amejibana kwenye kibanda hakizidi dawati la shule, ameinamia bodi ya simu na lenzi, anang'oa aisii (chipu) moja kwa hewa moto na ya kando haiguswi, na hakuna chuo kilichomfunza hiyo kazi. Zhongguancun ya Beijing ilikuwa mtaa wa maduka ya elektroniki miaka ya 80, wanasayansi wakatoka Akademia ya Sayansi wakafungua kampuni, Lenovo ya kompyuta imeanza hivyo 1984, serikali ikaja 1988 ndio ikaufanya eneo maalum. Watu kwanza, geti baadaye.

Binti wa Makueni: Kaka umechagua mfano unaokufaa wewe. Hsinchu kule Taiwan serikali ndio ilitenga ardhi ya paki ya teknolojia 1980, na leo TSMC, kampuni kubwa ya kutengeneza chipu, iko hapo. Halafu sisi wa huku tunawajua mabroka, ardhi isipotengwa mapema itakatwa ploti zote, mtajenga wapi?

Msafiri wa Mombasa Road: Kwa mabroka dada nakubali kabisa. Lakini fuata miaka vizuri. Taasisi yao ya utafiti, ITRI, ni ya 1973, mwaka wa 1976 wakakubaliana na RCA, kampuni ya elektroniki ya Marekani, wakapeleka mainjinia kujifunza kutengeneza chipu, wakarudi wakajenga kiwanda cha majaribio, ndio sasa 1980 paki inafunguliwa na UMC, kampuni nyingine ya chipu, inazaliwa kutoka ITRI mwaka huohuo, TSMC nayo ikatoka humohumo 1987. Paki ilikuta watu wako kazini tayari.

Mwalimu wa Fizikia: Na Daedeok, mji wa utafiti wa Korea, je? Ilianza 1973, KAIST, chuo chao cha sayansi na teknolojia, ilikuwa Seoul tangu 1971 na haikuhamia kule mpaka 1989. Miaka 16 hiyo! Kenya-KAIST, chuo cha mfano huohuo, inajengwa hapo Konza, tuwe na subira jamani.

Msafiri wa Mombasa Road: Subira ninayo mwalimu. Ninachouliza ni maabara za hapo Konza zikiisha zitafunguliwa kwa nani. Yule kijana wa Luthuli hana digrii, na akienda Malili kutwa nzima ni siku bila mteja, kwa hivyo lazima apate kitu huko ambacho Luthuli hakipo, darubini nzuri, mashine za kupima, mtu wa kumweleza kwa nini ile aisii inaungua kila mara. Kama kuna mtu wa Konza anasoma hapa atujibu, fundi asiye na cheti anaweza kuja Jumamosi akapewa meza, ama ataulizwa barua ya chuo pale getini?