Njia za miguu: tuanzie katikati ya mji au Industrial Area?

Mwanzisha mada (Mukuru)

Wakazi wenzangu wa Nairobi, naomba tulijadili hili kwa utulivu. Msimamo wangu ni kwamba pesa za njia za miguu na za baiskeli zielekezwe kwanza Industrial Area (eneo la viwanda) na Eastlands (mitaa ya mashariki mwa jiji), kisha ndipo turudi kupamba katikati ya mji.

Tangu 2015 jiji lina sera ya usafiri usiotumia injini, iliyoahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa wanaotembea na wanaoendesha baiskeli. Kati ya 2020 na 2022, NMS, idara iliyoendesha huduma za jiji wakati huo, ilipanua njia za miguu mjini: Kenyatta Avenue, Wabera, Muindi Mbingu. Kazi ile naisifu. Leo unamshika mtoto mkono pale na kutembea bila wasiwasi.

Lakini karibu safari nne katika kila kumi Nairobi ni za miguu, na wengi wetu tunatoka mitaa ya mabanda alfajiri kwenda viwandani. Mimi hutoka Mukuru saa kumi na moja na nusu. Sehemu moja ya njia, kati ya ukuta wa godauni na lami kuna upana wa mtu mmoja, na mtaro hauna kifuniko. Lori likipita, kioo chake hukaribia bega. Mvua ikinyesha tunavaa gambuti, viatu vya kazini tunavibeba kwenye mfuko, na langoni tunasimama kwa mguu mmoja tukibadilisha huku mlinzi akiangalia saa. Mwaka jana jirani yangu aliyekuwa akienda kazini kwa baiskeli aligongwa na kuvunjika mguu. Hajairudia baiskeli tena.

Mwendesha boda (Donholm)

Pole kwa jirani yako, ndugu. Ila nakupinga kwa mambo mawili.

Kwanza, barabara nyingi kubwa unazozilalamikia ziko chini ya KURA (mamlaka ya taifa ya barabara za mijini), na Mombasa Road ni ya KeNHA (mamlaka ya taifa ya barabara kuu). Kaunti haiwezi kuamka tu ikachimba humo. Katikati ya mji walijenga kwa sababu ndiko kazi ilikowezekana haraka.

Pili, nenda barabara ya Outering ukaone. Njia ya miguu ipo, na mitumba imetandazwa juu yake. Sisi wa boda tunapita hapohapo magari yakikwama, nakiri. Mkijengewa nyingine Industrial Area, kuna kitu kitakachobadilika? Bora kwanza kanjo (askari wa kaunti) wasafishe zilizopo.

Mwanzisha mada

Asante kwa kukiri la boda, wengi hukataa. Kuhusu KURA uko sahihi, na hapo nimejifunza. Basi kaunti ikae nao meza moja kabla mchoro wa barabara haujapitishwa, maana njia ya miguu ikiongezwa baadaye huwa ni mabaki ya nafasi, na nguzo ya stima katikati.

La kanjo silikubali hata kidogo. Mama anayeuza mandazi alfajiri anatuuzia sisi tunaotembea, ametufuata tulipo. Ukimfukuza asubuhi, jioni amerudi, na bidhaa zake zimemtia hasara. Njia ipimwe kwa upana wa kutosha: ukanda wa wauzaji upande wa ukuta, wa miguu katikati, wa baiskeli baada yake, na nguzo fupi za zege za kuzuia boda na magari yanayoegeshwa. Nguzo hufanya kazi usiku na mchana bila kuomba mtu chochote.

Kabla ya mchoro, watu wahesabiwe. Magari huhesabiwa kila mradi unapoanza. Sisi je, nani amewahi kusimama saa kumi na mbili asubuhi kwenye makutano ya barabara ya Lunga Lunga, hapo Industrial Area, akatuhesabu?

Kama unatembea au kuendesha baiskeli kwenda kazini, andika hapa chini mahali hasa njia yako inapokatika: mtaa, alama iliyo karibu, na saa unayopita.