Tupeane uzoefu: ulipataje kikundi cha kuacha pombe karibu na kwako?

Dada wa Tabata: Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu kasema mwenyewe jana, bila kushurutishwa, kwamba pombe imemshinda na anataka kukaa na watu waliopitia. Mahubiri hataki. Tupo Dar. Mliopata kikundi mlianzia wapi?

Kibosho Juu: Akishasema mwenyewe usilaze damu, neno hilo huwa halikai wiki. Mimi nilipata kikundi parokiani, huku Moshi. Hakuna ada wala kadi. Unataja jina lako la kwanza, unaeleza wiki yako ilivyokwenda, hakuna wa kukukatiza. Kwetu mbege ipo kwenye posa, kwenye msiba, hadi kwenye kusuluhisha ugomvi wa mpaka. Kuomba soda mbele ya wajomba nilijifunzia pale.

Neema Yatosha: Mpeleke kwenye maombi dada. Vikundi ni kupoteza muda, Yesu anaweza.

Kibosho Juu: Kikundi chetu kinakaa kanisani, mama, na tunasali pia. Kaombewa mara ngapi mtu na jioni yuko kilabuni?

Neema Yatosha: Usidharau maombi ya watu.

Mke wa Fundi: Acheni ugomvi, niseme langu maana nimesoma hapa nikatetemeka. Mume wangu ni seremala. Alikuwa mtu wa viroba. Vilipopigwa marufuku Machi 2017 tulishangilia, kumbe mwenzetu kahamia gongo. Siku aliyoamua kuacha aliacha kwa mkupuo, nami nikamsifu. Siku ya kwanza mikono ikamtetemeka, kikombe cha uji hakishikiki. Ya pili hakulala, jasho likalowesha godoro. Usiku wa tatu akaanza kuona siafu ukutani, akawa anawapangusa mwilini mpaka anajichuna ngozi, mimi ananiita kwa jina la marehemu dada yake. Mama mkwe akasema karogwa, akamtuma kijana amlete mganga. Saa nane za usiku mume wangu akavunja komeo, akatoka mbio kuelekea barabara kuu akilia kwamba anafukuzwa na watu wenye mapanga. Jirani mwenye bajaji ndiye aliyemkamata, tukamfunga kwa kanga zangu mbili ili asiruke njiani. Hospitali wakamtundikia dripu, wakampa vitamini na dawa za kumtuliza. Daktari akaniambia mwili uliozoea pombe kila siku ukikatiwa ghafla unaweza kufa. Sikuwahi kusikia hilo maishani mwangu! Alipopata nafuu, nesi wa kitengo cha afya ya akili ndiye aliyetuelekeza kwenye kikundi, wanakutana hapo hapo nyuma ya kliniki. Dada, mdogo wako anakunywa kila siku?

Chalii wa Sakina: Dah. Mganga alifika?

Mke wa Fundi: Alifika sisi tuko hospitali. Akadai nauli, mama mkwe akampa.

Mtoto wa Pwani: Pole sana mama. Hiyo ya kuona siafu hata baba yangu.

Nesi wa Mwanza: Asemayo Mke wa Fundi ni kweli kabisa. Degedege huja zaidi siku mbili za mwanzo, kuweweseka kati ya siku ya pili na ya nne. Anayekunywa kila siku aonwe na daktari kwanza, kikundi kifuate.

Shemeji wa Mbagala: Mbona kuna dawa unamtilia kwenye chai, hajui wala nini, akionja pombe anatapika mpaka anaichukia. Bwana mdogo wangu aliacha hivyo.

Nesi wa Mwanza: Shemeji, tafadhali sana! Kama ni disulfiram, mtu akinywa pombe juu yake presha inaweza kushuka na moyo ukaenda mbio hadi akafa. Hupewa aliyekubali mwenyewe na anayefuatiliwa. Usimfundishe mtu hiyo.

Shemeji wa Mbagala: Mbona wa kwetu mzima?

Mtu wa Ng'ambo: Huku Unguja kwenye soba hausi, zile nyumba za kukaa wanaoacha ulevi, wengi ni wa unga, lakini nilipokaa mimi wa pombe tulipokelewa. Huko tulifuata hatua 12 za AA, umoja wa walevi wanaosaidiana kuacha pombe. Nilisitasita nikidhani ni mambo ya kanisa kwa kuwa AA ilianzia Marekani, mwaka 1935. Kumbe kila mtu anamtaja Mungu kama anavyomjua. Nilikuwa naswali na hatua nazifuata.

Jirani wa Umoja: Sisi Kenya unapiga 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, haulipi, wanakuelekeza. Mikutano ya AA niliyoanza nayo Nairobi ilikuwa ya Kizungu, sikuweza kumwaga moyo. Tukatoka watatu tukaanzisha ya Kiswahili. Inaruhusiwa, wawili watatu wakikaa pamoja ili wasinywe tayari ni kikundi.

Chalii wa Sakina: Mimi ningeanza na kubadilisha njia ya kutoka kazini, isipite baa. Na simu azime mwisho wa mwezi.

Kibosho Juu: Asizime. Atampigiaje mwenzake wa kikundi kiu ikimbana?

Dada wa Tabata: Asanteni wote. Mke wa Fundi, ndiyo, anakunywa kila siku, na nimemwambia asiache kwa mkupuo mpaka aonwe. Kesho tunakwenda hospitali ya wilaya, kakubali nimsindikize hadi getini. Kama kuna anayejua kikundi cha Kiswahili maeneo ya Ilala au Kinondoni, aniandikie pembeni, na mimi mwenyewe nataka cha sisi ndugu zao.