Magemu masta mnaochakachua dadu nyuma ya skrini, mmetuchosha!

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nimekereka na lazima niseme.

Kampeni yetu (hadithi moja ya vikao vingi) ya Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao kila mchezaji anaigiza mhusika wake huku masta akisimulia hadithi, akiendesha maadui na kurusha dadu zake nyuma ya skrini (kadi iliyokunjwa inayozificha), imefika mwisho kwa pambano la kukata na shoka. Mpiga upinde wetu alikuwa chini, pointi 0 za uhai, anarusha dadu za kifo. Kwa wasiojua: kila zamu yako unarusha dadu ya pande 20, ukipata 10 kwenda juu umefaulu, na unatakiwa ufaulu mara 3 kabla hujashindwa mara 3. Ukipiga hesabu vizuri, nafasi ya kupona bila msaada ni karibu asilimia 60. Mezani hapo asilimia 40 iliyobaki inatisha sana. Padri wetu alikuwa na tiba moja tu. Amwinue mwenzetu au ampige dubwana? Tulibishana mpaka jasho likatutoka. Akaamua kupiga. Dubwana likaanguka, watu wakaruka kwa furaha.

Baadaye masta wetu akajisifu, tena anacheka: "Mimi huwa sihesabu uhai wa adui mkubwa. Anakufa pale ninapoona imenoga."

Imenoga! Kwa hiyo ule ubishi wetu wote ulikuwa wa nini? Padri angeimba, angelala, angefunga viatu, dubwana lingeanguka dakika ileile. Na mpiga upinde naye, tukaja kuambiwa, "asingeachwa afe." Haya, tulikuwa tunahofia nini?

Sasa kuna wanaosema mchezaji haumii kwa jambo asilolijua. Anaumia! Angalieni uwezo tunaoulipia. Mwenzetu alicheza mchawi wa ramli. Kwa kanuni za toleo la 2014 la Dungeons, mchawi huyo akishapumzika usiku anarusha dadu 2 za pande 20, anaandika namba, halafu mchana anaweza kulazimisha mojawapo ichukue nafasi ya dadu ya mtu mwingine. Ni uwezo mtamu kuliko yote kwenye aina yake ya mhusika. Jamaa alipata 2, namba ndogo ya kumkosesha mtu pigo, akaitunza kikao kizima ili aje kumvuruga adui kwenye pigo kubwa, akaitumia, tukampongeza. Kumbe masta alishaamua pigo lile litakosa. Amelipia kitu hewa. Hali kadhalika mwenye uganga wa ngao, unaomwongezea 5 kwenye namba ya kinga (ile ambayo dadu ya adui lazima iifikie ili ampige) hadi zamu yake inayofuata: anachoma nafasi ya uganga wake, ambazo zina kikomo, kuzuia pigo ambalo namba yake imetungwa kichwani mwa mtu. Huwezi kumuuzia mtu mwavuli halafu wewe ndiye unayeamua amelowa au hajalowa.

Najua utetezi wenu, nimeusikia mpaka nimeukariri.

Wa kwanza ni "hadithi kwanza." Sawa, mimi pia napenda hadithi. Lakini kama hutaki dadu iamue, kwa nini umeirusha? Hakuna aliyekushikia fimbo. Sema "lango linafunguka" tuendelee. Na michezo ya watu wenye mapenzi kama yako ipo, tena siku nyingi. Apocalypse World ilitoka 2010 na ndani yake masta harushi dadu hata moja, wanarusha wachezaji peke yao. Michezo ya upelelezi ya mfumo wa GUMSHOE, iliyoanza 2007, iliona kwamba kidokezo muhimu kikikosekana kwa dadu mbaya hadithi inakwama, basi ikaamua hivi: ukiwa na ujuzi unaohusika na ukautumia mahali panapohusika, kidokezo unakipata. Bila dadu, bila uongo, kila mmoja mezani anajua utaratibu. Hao wanaheshimu hadithi kuliko wewe unayejificha nyuma ya kadi iliyokunjwa.

Wa pili ni "hata Gygax, mmoja wa waliobuni Dungeons, aliruhusu." Ndiyo, kwenye mwongozo wake wa 1979 ameandika kwamba masta anaweza kupuuza dadu, na mwongozo wa masta wa 2014 nao unasema kurusha nyuma ya skrini kunakuwezesha kubadili matokeo ukitaka. Nimesoma, msinitumie picha za kurasa. Swali langu ni moja: mimi nikipata 3 nikatangaza 17, mtaniitaje? Mwizi. Nitafukuzwa, na nitastahili. Wewe ukifanya hivyohivyo unaitwa fundi wa hadithi.

Wa tatu, "nawaokoa wahusika wapya wasife mapema," ndio pekee wenye mashiko, na hapa nitawapa haki yao. Ngazi ya kwanza, pale mhusika anapoanzia, ni ya kikatili. Mchawi mpya anaweza kuwa na pointi 8 za uhai. Orki (zimwi la vita, adui wa kawaida) mwenye shoka kubwa anapiga dadu ya pande 12 na kuongeza 3, yaani wastani wa 9 na ushee, pigo moja mtu yuko chini. Dadu yake ya pande 20 ya kushambulia ikitua 20 safi, dadu za shoka zinakuwa 2, wastani unafika 16, na kwa mwenye 8 hiyo 16 ni kifo cha papo hapo, hakuna hata kurusha dadu za kifo. Kikao cha kwanza, mtu katunga historia ya ukoo mzima, anakufa kabla hajataja jina lake. Naelewa mkono wa masta unavyotetemeka pale.

Lakini dawa zipo, na zote ni za wazi! Usimweke orki wa shoka kwenye kikao cha kwanza, ndilo la kwanza. Anzeni ngazi ya tatu. Au tumia kanuni ambayo naona wengi hamjawahi kuifungua: kwenye matoleo ya 2014, anayepiga kwa silaha ya mkononi akimfikisha mtu 0 anaweza kuchagua kumzimisha tu badala ya kumuua. Orki wako amteke mchawi, adai fidia. Hapo umepata hadithi nzuri kuliko ile uliyotaka kuilinda kwa uongo, na hujabadili namba hata moja.

Au tazameni Call of Cthulhu, mchezo wa kutisha, toleo la saba: umeshindwa kurusha, unaweza kulazimisha jaribio la pili, ila masta anakuonya kwamba ukishindwa tena mambo yatakuwa mabaya zaidi. Mchezaji anaamua mwenyewe kujiingiza. Ndiyo maana watu wanakumbuka vifo vyao vya Call of Cthulhu kwa fahari.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba sasa siwezi kuamini hata ushindi wetu wa zamani. Lile daraja tuliloponea chupuchupu, yule mlinzi aliyelala kwa bahati... ilikuwa bahati au huruma? Nikimuuliza masta ananijibu "si ulifurahi?" Nilifurahi kwa sababu nilidhani ni kweli, mzee.

Kwa hiyo mnaochakachua, semeni kabla ya kikao cha kwanza. Sentensi moja tu: "Mezani kwangu nabadili dadu nikiona inafaa." Wanaopenda watabaki, na wapo, siwacheki. Sisi wengine tutatafuta masta anayerusha hadharani, katikati ya meza, hata dadu ikitua vibaya.

Na wewe unayekuja kuandika "ni mchezo tu", pita kushoto. Ninaotaka kuwasikia ni mamasta mnaorusha wazi: dubwana lenu la mwisho likifa raundi ya pili kwa bahati ya wachezaji, mnafanyaje?