Naomba ushauri: Savitri na Draupadi wakae sura moja?

Habari zenu wakuu. Naandika tasnifu kuhusu ndoa katika riwaya za Wahindi walioandika kwa Kiingereza, nimekwama. Katika The Dark Room ya R. K. Narayan (1938), Savitri anamkimbia mume mwenye hawara, anajitosa mtoni, anaokolewa, kisha anarudi kwa ajili ya watoto. Kurudi kule kuliniliza kweli. Halafu The Palace of Illusions ya Chitra Banerjee Divakaruni (2008) inampa Draupadi, mke wa ndugu watano katika utenzi wa kale wa Mahabharata, nafasi ya kusimulia mwenyewe. Je, niwaweke sura moja, au sheria ya 1955 iliyowakataza waumini wa Kihindu kuoa mke wa pili inanilazimu kutenganisha vipindi? Mliosoma fasihi ya India, nisaidieni jamani.